Baba yangu alikata migomba ya mjane akafukuzwa Ihembe: hivi ndivyo kijiji kizima kilivyoulizwa kama arudi

Wakuu, habari za saa hizi.

Kwa umri wangu sidhani kama humu kuna mtu wa kuipokea shikamoo yangu. Basi nipeni ninyi zenu, nami naitikia marahaba ya jumla tuendelee.

Mimi ni bibi wa miaka themanini na kitu, Mnyambo wa Karagwe. Mjukuu wangu aliniwekea jukwaa hili kwenye simu ili nisome habari za afya. Za afya nilisoma siku mbili. Za ugomvi wenu nasoma mpaka leo.

Sasa juzi nimekuta uzi wa kijiji fulani kilichomfukuza mtu, na mtu huyo anaomba kurudi. Nikashuka kwenye komenti. Karibu wote mmeandika asirudi, akafie hukohuko. Mmoja akaandika, "Sisi tunamtetea mama wa watu." Hapo ndipo nilipovaa miwani nikaanza kuandika.

Maana jambo hili lilinikuta. Aliyefukuzwa alikuwa baba yangu mzazi.

Nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu na machache aliyonisimulia mama, na pale ambapo sikuwepo nitawaambia sikuwepo. Chumvi sitaongeza, na baba yangu sitamsafisha. Mnivumilie tu, naandika kwa kidole kimoja.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, kijijini kwetu pande za Ihembe. Mimi nilikuwa msichana wa kama miaka kumi na mitatu, mkubwa kati ya mabinti wanne. Mama hakujaliwa mtoto wa kiume. Hilo lishikeni, kwa sababu ndilo lililotuweka roho juu mwanzo mpaka mwisho.

Kwa wasiotoka kwetu niwaeleze kidogo. Mnyambo ni kibanja chake. Kibanja ni nyumba pamoja na shamba la migomba linaloizunguka, kahawa zikiwa humohumo ndani. Humo unazaliwa, humo unakula, na enzi zile humohumo unazikwa. Mwenye nyumba akifa alilazwa katikati ya migomba yake, na wajukuu walipita pale wakijua kabisa babu yupo hapa.

Na chakula ni ndizi. Mtu angeweza kushiba viazi mpaka akashindwa kuinuka, ukimuuliza atakuambia hajala. Kuonekana unapika mihogo ilikuwa kama kutangaza kwamba nyumba yako imekwisha. Ninyi wa mjini mtacheka, lakini ndivyo tulivyokuwa, na kidogo ndivyo tulivyo.

Jirani yetu wa kushoto alikuwa mama mmoja mjane, Ma Nyangoma. "Ma" ni heshima yetu kwa mama, kama "Ta" kwa baba. Alikuwa na watoto wadogo watatu. Mumewe alikuwa amefariki miaka michache nyuma, akazikwa upande wa mbele wa kibanja chao, karibu na mpaka wetu. Juu yake palikuwa na migomba mizuri ambayo Ma Nyangoma aliitunza kuliko mingine yote.

Mpaka kwetu huwekwa kwa kupanda miti ya mlamula. Baba yangu, Ta Bitegeko, akaingiwa na wazo kwamba mjane amesogeza milamula usiku usiku na kula hatua kadhaa za shamba letu. Mama alimwambia hakuna kilichosogea, miti mikubwa namna ile nani angeing'oa bila kuonekana? Hakusikia. Baba alikuwa mtu wa kimya, na hasira ya mtu wa kimya haikupi nafasi ya kubishana nayo. Inakaa tu ndani inachemka.

Ikafika Jumapili moja.

Sisi ni Walutheri, Ma Nyangoma alikuwa Mkatoliki. Siku hiyo padri alikuwa amekuja kigangoni, na padri akija misa ilikuwa ndefu kwa sababu watu wote walitaka kuungama. Ibada yetu iliisha mapema. Baba akatangulia nyumbani, sisi tukabaki na mama kusalimia watu.

Tulipofika tulisikia panga linafanya kazi.

Baba alikuwa ameingia kwa mjane na kukata migomba ya upande wote wa mbele. Yenye ndizi changa, yenye ndizi zilizokaribia kukomaa, michanga, yote chini. Na ile iliyokuwa juu ya kaburi aliikata pia. Hakuwa amelewa, wakuu. Alikuwa katoka kanisani na shati lake jeupe, limejaa utomvu wa migomba ambao hautoki.

Mama alikaa chini njiani, na kanga yake nzuri ya kanisani, mikono kichwani.

Ma Nyangoma alirudi na wanawe. Sikumsikia akilia. Alitembea moja kwa moja mpaka pale alipolala mumewe, akaanza kukusanya ndizi changa na kuzipanga, ndogondogo zile zisizofaa hata mbuzi. Mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo nasikia aibu, na mimi sikukata hata jani.

Kukata mgomba wa mtu kwetu lilikuwa kosa kubwa, lakini lilikuwa na faini yake. Kukata migomba ya juu ya kaburi hakukuwa na faini. Wazee walikaa na mwami, yule aliyesimamia vijiji vyetu na kusikiliza mashauri, wakaamua kesho yake tu. Baba aondoke, asionekane tena Ihembe. Kijiji kizima kikaitikia.

Akaondoka asubuhi na kibuyu cha maji na blanketi. Alikwenda mpaka Murongo, akavuka Mto Kagera, akaingia Uganda kufanya vibarua. Hakutuaga. Baadaye alisema aliona akituaga angeshindwa kutembea.

Sasa nataka niwaeleze habari za mama yangu, maana huyu nampenda kuliko ninavyoweza kuandika.

Wiki ileile mama alikata mkungu mzuri wa ndizi, akaubeba kichwani mpaka kwa Ma Nyangoma. Ma Nyangoma akauchukua, akautoa hadi njiani, akauacha pale. Ng'ombe wa watu wakala.

Mama akapeleka mwingine. Ukaenda njiani pia.

Mara ya tatu Ma Nyangoma alimsubiri pale mpakani. Mimi nilikuwa nimeshika jembe pembeni, nikasikia. Alimwambia, "Chakula cha mkono wenu sitakula, na wanangu hawatakula. Ukitaka kuleta kitu, leta mche. Nitauotesha mwenyewe."

Tangu siku hiyo mama alichimbua machipukizi ya migomba yetu iliyo bora, akayaweka kwenye mpaka. Akakata nyasi kondeni, akaziweka pale kwa ajili ya kutandaza shambani. Akitoka tu, mjane alikuja kuchukua, akaotesha nyuma ya nyumba; upande wa mbele aliuacha umelala. Hawakusalimiana. Mama alisalimia kila mara, yule hakuitikia hata mara moja, na kesho mama alisalimia tena. Ilikwenda hivyo miaka mitatu hivi.

Mche wa mgomba hauzai leo na kesho, na hata ilipoanza kuzaa haikutosha kulisha nyumba. Kwa muda wote huo nyumba ya jirani ilipika mihogo na viazi, na moshi wake tuliunusa.

Upande wetu nako hakukuwa salama. Kibanja kilikuwa cha ukoo, na mwanamke hakurithi, binti hakurithi. Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuwa na watoto wa kiume wanne na shamba dogo. Akaanza kupita pita kwetu. Mara aangalie kahawa, mara asimame mlangoni apime kwa macho. Mwisho akapeleka shauri kwenye ukoo, kwamba mwenye kibanja hayupo na harudi, basi apewe yeye. Mama arudishwe kwao Nyakatuntu na mabinti zake.

Ukoo ukasema wasubiri. Kama Bitegeko ataomba kurudi na akakataliwa, hapo kibanja ni cha ndugu yake.

Kwa hiyo mjue tulichokuwa tunakisubiri. Baba akikubaliwa, tuna kwetu. Akikataliwa, tunabeba mikeka yetu.

Ombi la baba lililetwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Muleba, aliyekuwa akiuza nguo na chumvi kwa baiskeli mpaka Murongo. Alikutana na baba ng'ambo ya mto. Akaja kwa mwami akasema maneno aliyotumwa, machache tu: Bitegeko anaomba kurudi, hana cha kujitetea, anaomba aambiwe afanye nini.

Hapa ndipo ninapotaka mnisome taratibu.

Mwami angeweza kukaa na wazee wake wanne watano wakamaliza jambo hilo kwa kibuyu kimoja cha pombe. Hakufanya hivyo. Alisema kijiji kizima kiliitikia kumfukuza, basi kijiji kizima kitaulizwa kuhusu kumrudisha. Na hakuwaita barazani kwanza. Alizunguka nyumba kwa nyumba, kwa miguu, na fimbo yake, akauliza baba peke yake na mama peke yake. Alisema barazani watu husema kile wanachotaka kusikika nacho.

Sijui kama vijiji vingine vilifanya hivyo. Kwetu ndivyo alivyofanya huyo mwami, na alikuwa mtu wa ndevu chache na sauti ndogo, ukimwona sokoni usingemtambua.

Maswali yake yalikuwa mawili. La kwanza, Bitegeko arudi au asirudi, na unamtaka afanye nini? La pili, na wewe je, utafanya nini?

La kwanza, mama aliniambia, kila nyumba walilijibu kwa urefu. La pili watu walianza kutafuta ugoro.

Alikuja kwetu pia. Tulitolewa nje, lakini nyumba za nyasi hazina siri. Mama alipoulizwa anataka baba afanye nini, alisema akirudi asije kwake kwanza, aanzie kwa Ma Nyangoma. Alipoulizwa yeye atafanya nini, alisema ataendelea na anachofanya. Mwami akamuuliza ni kitu gani hicho. Mama hakutaka kukitaja, na mwami hakumbana.

Nyumba moja tu hakuingia, ya Ma Nyangoma mwenyewe. Alimtumia ujumbe kwamba yeye atasema wa mwisho, mbele ya wote, na akakataza mtu yeyote asimuulize anafikiri nini. Watu wakaona ni ajabu. Mwenye kidonda ndiye aseme mwisho? Lakini mwami alijua alichokifanya. Angesema mwanzo, kila mtu angejificha nyuma ya kanga yake.

Siku ya baraza tulitandika nyasi uwanjani kwa mwami, watu wakakaa. Wanawake walikuja pia, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mama alitukalisha nyuma kabisa. Nilimshika mdogo wangu mkono mpaka akalalamika namuumiza.

Kila nyumba ikasimama na kujibu maswali yale yale, safari hii wote wakisikia.

Mzee mmoja mpenda pombe alisema arudi, kwa sababu tangu aondoke hakuna anayejua kukanyaga ndizi za lubisi, pombe yetu ya ndizi, kama yeye. Alipoulizwa na wewe utafanya nini, akasema atainywa. Watu wakacheka, hata mwami alicheka, lakini akaacha jibu likae kama lilivyo.

Bibi mmoja kizee alisema yeye hana nguvu za kulima. Akasema, "Nitaitikia salamu yake." Hilo halikuchekesha mtu.

Wengine walisema asirudi. Mwami hakuwanyamazisha. Walisema mtu aliyekata juu ya kaburi atakata na kwao siku moja, na ukweli ni kwamba hofu yao ilikuwa na msingi, hata mimi mtoto niliielewa. Lakini nao aliwageuzia swali la pili. Asiporudi, wewe utamfanyia nini Ma Nyangoma? Kuna waliosema wataleta nyasi. Kuna waliokaa chini.

Ndipo baba mdogo akasimama. Alikuwa amevaa koti. Akaongea vizuri mno, naomba nimpe haki yake, alikuwa na ulimi. Alisema ni ndugu yake wa tumbo moja lakini hawezi kumtetea. Alisema anamtetea mjane. Alisema machozi ya mjane hayawezi kupita bure, na kijiji kikimrudisha Bitegeko kitakuwa kimemzika yule marehemu mara ya pili. Watu wakaguna kwa kukubali. Mimi nikajua tumekwisha, na nikaanza kuwaza njia ya Nyakatuntu.

Mwami akamuuliza kwa sauti yake ndogo, "Na wewe je, tangu siku ile, umempelekea nini?"

Baba mdogo akasema yeye amekuja kutoa maoni.

Mwami akasema sawa, kaa.

Akabaki Ma Nyangoma. Alisimama polepole. Hakuwa mama wa kusema mbele za watu, na mwanzo ilibidi watu wainame kumsikia. Maneno yake nimekaa nayo zaidi ya miaka sitini, nayaandika kama nilivyoyashika, na "waitu" ni neno letu la heshima.

"Waitu Mwami, sijamsamehe Bitegeko. Kama mnasubiri niseme nimemsamehe, mtalala hapa. Lakini nasikia kila mtu ananitetea. Mlimfukuza mkasema ni kwa ajili yangu. Alipoondoka kibanja changu kilibaki kimelala vilevile. Mkaenda makwenu mkala ndizi, wanangu wakala mihogo. Aliyeniletea miche na nyasi ni mke wake, na mimi salamu yake sijaitikia mpaka leo."

Akapumua, halafu akaendelea.

"Bitegeko akiwa Uganda, mimi ananilipa nini? Aliondoka akapumzika macho. Mimi ndiye ninayeamka naona alichokata. Namtaka hapa. Na yeye aamke akione."

Wakuu, nimekaa kwenye mikutano mingi tangu hapo, ya chama, ya kanisa, ya ushirika wa kahawa. Sijawahi kusikia mtu akisema kweli yake nyoofu namna ile, bila kutukana na bila kujipendekeza. Nilimuogopa na nikampenda saa ileile.

Akataja masharti yake. Baba atalima kibanja chake yeye kabla ya kulima chetu, kila siku ya kazi. Ataotesha migomba upya pale mbele, na juu ya kaburi. Hatashika panga wala kisu ndani ya kibanja hicho, jembe na mikono basi. Hatamsalimia, maana yeye hataitikia. Na migomba ya kaburini ikizaa, mkungu wa kwanza ataubeba yeye mwenyewe kichwani, mchana, kwa njia kubwa, kila nyumba ije kula.

Mwami akauliza kama kuna anayepinga. Baba mdogo aliangalia viatu vyake. Hakuna aliyesimama.

Mwami akaongeza la kwake. Alisema kukata ni kosa la Bitegeko, lakini kumwacha mama huyu ale mihogo miaka yote hii ni kosa la wote waliokaa hapo, akiwemo yeye. Kila nyumba ilete mzigo mmoja wa nyasi kwa Ma Nyangoma, na yeye akaleta wa kwanza. Niliuona mzigo wenyewe, haukuwa mkubwa, mwami hakuzoea kukata nyasi. Lakini aliubeba mwenyewe.

Mama hakulia mpaka tulipofika nyumbani. Kule ndani alilia hadi akaanza kwikwi, tukamletea maji.

Baba akarudi. Yule wa baiskeli alimpelekea majibu, na baada ya muda tukamwona anakuja kwa njia ya juu. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu. Mimi nilikuwa uani napepeta maharage, nikainuka nikimbie. Mama akanishika bega akanikalisha.

Akapita mbele ya nyumba yetu bila kugeuka. Akaenda akasimama kwenye milamula, akasubiri. Ma Nyangoma alitoka, akamtazama muda mrefu, akaweka jembe chini, akarudi ndani. Baba akaliokota akaanza kulima. Alikuja kwetu jioni ndipo nikamshika. Alinuka jasho na moshi wa watu wengine, na mimi niliona ni harufu nzuri kuliko zote.

Kazi ile haikuwa rahisi. Wanaojua migomba wanajua haitunzwi kwa jembe peke yake. Kuna kupunguza majani makavu, kuna kukata machipukizi yaliyozidi. Baba hakuruhusiwa kushika kisu. Basi alikuwa anamwonyesha mama kwa kidole, mama anakata. Wapita njia walimtania sana, wakamuuliza kama siku hizi Bitegeko amepewa mke awe mkono wake wa kulia. Aliendelea kulima.

Kuna mvua ya mawe ilipiga, ikalaza karibu nusu ya migomba yake mipya. Siku hiyo baba aliingia ndani akatupa jembe, akasema anarudi Uganda, haya mambo hayana mwisho. Mama alikuwa anamenya ndizi. Akamwambia nenda, lakini usitoroke kama mwanzo, ukamuage Ma Nyangoma.

Baba akafikiri. Kama kumsalimia Ma Nyangoma haruhusiwi, kumuaga ataanzaje? Akakaa. Mama akaendelea kumenya, na mimi nikatoka nje nikacheka.

Ikazaa. Migomba ya kaburini ilitoa mkungu mkubwa, sijui ni zile nyasi zote au ni kitu kingine. Ukakomaa, Ma Nyangoma mwenyewe akaukata. Baba akauinua kichwani.

Hakupita njia fupi. Alizunguka njia kubwa yote, jua limesimama, shingo ikimtetemeka. Watu walitoka majumbani. Hakuna aliyemzomea. Yule bibi kizee alikuwa amekaa mlangoni, baba akamsalimia akiwa na mzigo ule, na yeye akaitikia kwa sauti kubwa ili wote wasikie. Watu wakaanza kumfuata nyuma, nyumba baada ya nyumba, mpaka kwa Ma Nyangoma.

Tulimenya wanawake wote pamoja, tukapika na maharage. Watoto wake wakala ndizi za baba yao. Baba mdogo alikuja pia, akala, na sahani yake ilikuwa safi, sina la kusema.

Baba alibaki nje karibu na milamula. Hakuwa ameambiwa aingie, na hakuna sharti lililosema ataingia. Watu walipokuwa wanaondoka, Ma Nyangoma alitoka na bakuli, akampa. Halafu akamsemesha, mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

"Bitegeko, kuna mgomba umeelemea banda la mbuzi. Kesho uje na panga."

Hakusema zaidi, akaingia ndani.

Baba alisimama na lile bakuli mpaka chakula kikapoa. Mimi nilikuwa karibu. Sijawahi kumwona baba akilia kabla ya hapo, na hata siku hiyo siwezi kusema alilia, ila uso ulilowa.

Kesho yake alikwenda. Tulikaa uani wote watano tukisikiliza panga linafanya kazi kwa jirani, safari hii mama aliendelea kumenya ndizi zake.

Kibanja kilibaki chetu. Mimi niliolewa kutoka pale, na wadogo zangu pia. Ma Nyangoma na mama walikuja kuwa watu wa kuombana chumvi na kusengenya wengine, na mama alimuuliza uzeeni ilikuwaje akakaa miaka yote bila kuitikia salamu yake. Alisema alikuwa anaitikia moyoni, ila mdomo uligoma.

Sasa somo, maana najua mnapenda somo.

Sisemi kila anayefukuzwa arudishwe. Wapo wasiofaa kurudi, na siku ile barazani walioogopa walikuwa na haki ya kuogopa. Ninachosema ni kwamba kumfukuza mtu ni kazi nyepesi kuliko zote. Unanyoosha kidole, unakwenda kula. Aliyeumizwa anabaki na shamba lake lililolala, na ninyi mnamwambia mmemtetea. Kabla hujaandika "asirudi" au "arudi", jiulize wewe utafanya nini kesho asubuhi kwa yule mama. Kama huna jibu, basi hayo ni maoni tu, na koti la baba mdogo linakutosha.

Nimemaliza, ila kuna moja.

Baba alikufa kabla ya Ma Nyangoma, miaka mingi baadaye. Tukamzika kibanjani kwetu. Mchungaji akauliza kama kuna jirani wa kumsemea marehemu. Watu walitazamana, kwa sababu wakubwa wote walijua, na kwenye msiba kila mtu anatafuta maneno matamu. Ma Nyangoma akasimama, mgongo umepinda, akashikwa mkono na mimi.

Akasema, "Alikuwa jirani mbaya. Kisha akawa jirani mwema. Yote mawili niliyaona mimi, na yote mawili ni kweli. Mzikeni."

Haya wajukuu, uwanja ni wenu. Kama kwenu kuna mtu aliwahi kufukuzwa akarudi, au akakataliwa, hebu nielezeni ilikuwaje, na hasa mnieleze aliyekosewa alipewa nafasi gani ya kusema. Wenye matusi nao waje, nina bando la wiki.